Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutembelea miji ya pwani na ya magulio ya Norfolk na Suffolk, Uingereza

Majibu haya yanahusu kipande kimoja tu cha pwani ya Uingereza: upande wa mashariki, kuanzia King's Lynn, kuzunguka bega la Norfolk, hadi Aldeburgh kule Suffolk. Yameandikwa kwa ajili ya ndugu na marafiki wanaouliza kabla ya kuja, wakiwa Dar es Salaam, Mombasa, Maskati, au hapa hapa London.

Kwa nini Norfolk na Suffolk, na si Brighton?

Brighton ni saa moja tu kutoka London na watu huenda wenyewe bila kushauriwa. Huku mashariki hakuna anayepita kwa bahati, maana barabara haiendi kwingine kokote isipokuwa baharini. Kwa sababu hiyo miji imebaki na sura zake. Bandari ndogo bado zina mashua za kaa, soko bado linawekwa kwenye uwanja ulioachwa wazi tangu karne ya 12, na bahari bado inakula nchi kavu mbele ya macho ya watu. Mimi naipenda pwani hii kuliko zote za Uingereza, na sitajifanya sina upande.

Nianze kupanga wapi?

Anza na kalenda mbili: ya soko na ya maji. Wageni wengi hupanga kwa kuangalia hali ya hewa, wakafika mji wa soko siku isiyo ya soko, au wakafika ufukweni maji yakiwa yamekwenda zaidi ya kilomita moja. Kisha wanarudi wakisema hakukuwa na kitu. Mvua utavaa koti. Gulio likikupita, limekupita hadi wiki ijayo.

Ninahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya mgeni, ambayo kwa kawaida humruhusu kukaa hadi miezi 6. Huombwa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, si mapema zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, halafu unakwenda kituoni kutoa alama za vidole na picha. Majibu mara nyingi hutoka ndani ya wiki 3, ila usinunue tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla hujayapata.

Mwenye pasipoti ya Oman, ya Marekani, ya Kanada au ya nchi za Umoja wa Ulaya (isipokuwa Ireland, ambao hawahitaji hata idhini) haombi viza kwa matembezi mafupi, bali idhini ya kielektroniki iitwayo ETA. Angalia vizuri hapo: kinachohesabiwa ni pasipoti, si mahali unapoishi. Mkenya mwenye kibali cha kukaa Ujerumani bado anahitaji viza.

Mwezi gani ni mzuri?

Mei, Juni na Septemba. Mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo siku moja inakutosha kwa mambo ambayo Desemba yangehitaji siku mbili. Desemba jua linakwenda kabla ya saa 10 jioni.

Kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba shule zimefungwa. Vyumba hupanda bei na barabara nyembamba za Norfolk hujaa magari. Epuka hasa Jumatatu ya mwisho ya Agosti, ambayo ni sikukuu ya taifa, isipokuwa kama unapenda umati.

Joto la mchana wakati wa kiangazi huzunguka nyuzi 20 hadi 22. Upande huu hunyeshewa mvua kidogo kuliko sehemu kubwa ya Uingereza, lakini upepo wake hauna mchezo. Koti la kuzuia upepo ni muhimu kuliko mwavuli, hata Julai.

Bila gari nitafika?

Utafika, ukikubali kwenda polepole. Kuna njia tatu za treni za kukumbuka. Kutoka London King's Cross unafika King's Lynn kwa chini ya saa mbili. Kutoka London Liverpool Street unafika Norwich kwa muda kama huo, na hapo unabadili treni ya kwenda Cromer na Sheringham, au ya Great Yarmouth, au ya Lowestoft. Kutoka Ipswich kuna treni inayopita Saxmundham, Darsham na Halesworth hadi Lowestoft, na vituo hivyo ndivyo vya kushukia kwa Aldeburgh na Southwold, kwa sababu miji hiyo miwili ilipoteza reli zake zamani. Ya Southwold ilifungwa mwaka 1929.

Kati ya King's Lynn, Hunstanton, Wells na Cromer hakuna reli kabisa ya kukuunganisha kando ya bahari. Hapo ni basi, na ni safari nzuri ukikaa juu, kiti cha mbele. Tangu Januari 2025 nauli za mabasi mengi ya England zimewekewa kikomo cha pauni 3 kwa safari moja. Jioni mabasi huisha mapema, na Jumapili huwa machache. Piga picha ratiba ya kituoni unaposhuka, ujue la mwisho linapita saa ngapi.

Tiketi za treni ukinunua mapema kwa treni maalumu huwa nafuu sana. Ukinunua siku hiyohiyo, safiri baada ya saa 3:30 asubuhi.

King's Lynn kuna nini? Wengine wanasema ni mji wa kupita tu.

Wanaosema hivyo wameona maegesho ya magari na maduka ya katikati, hawakutembea dakika kumi kufika mtoni. Ningeshauri uanzie safari yote hapa.

Lynn ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya bandari ya Uingereza zama za kati. Ulikuwa mji wa askofu wa Norwich, ukiitwa Bishop's Lynn, hadi Mfalme Henry VIII alipoutwaa mwaka 1537 na jina likageuka kuwa la mfalme. Wafanyabiashara wa Shirikisho la Hansa, kutoka miji ya Kijerumani ya Bahari ya Kaskazini na Baltiki, walikuja hapa na samaki, manyoya, mbao na lami, wakaondoka na sufu, nguo na nafaka. Nyumba yao ya mwaka 1475 hivi bado imesimama, ghala na ofisi pamoja, na ndilo jengo pekee la Hansa lililobaki England. Pita mlango wake, ingia uani, tazama jinsi ghala lilivyojengwa refu kuelekea mtoni ili shehena ishushwe moja kwa moja. Aliyewahi kutembea Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu ataelewa mara moja anachokiona: mji uliojengwa na watu waliosubiri vyombo.

Hatua chache mbele kuna Nyumba ya Forodha, iliyosanifiwa na Henry Bell na kujengwa mwaka 1683, ikitazama hori dogo la mto. Mbele yake pamesimama sanamu ya George Vancouver, nahodha aliyezaliwa mji huu mwaka 1757 na ambaye mji wa Vancouver kule Kanada umechukua jina lake.

Mji una viwanja viwili vya soko, na vimeitwa kwa siku zake: Uwanja wa Soko la Jumamosi na Uwanja wa Soko la Jumanne. Cha Jumamosi ndicho cha kale zaidi, kando ya kanisa kuu la Mtakatifu Margaret lililoanzishwa mwaka 1101. Mji ulipokua, askofu wa baadaye akafungua cha pili upande wa kaskazini katika karne hiyohiyo, na uwanja huo ni mpana ajabu, umezungukwa na nyumba za wafanyabiashara wa zamani.

Sasa inua macho utazame mnara wa kanisa hilo la Soko la Jumamosi. Kuna saa yenye herufi kumi na mbili badala ya namba, zinazosomeka LYNN HIGH TIDE. Ni saa ya maji. Ilitengenezwa karne ya 17 kuwaonyesha watu wa mji maji yatajaa saa ngapi mtoni. Mfanyabiashara alisimama sokoni, akatazama juu, akajua kama chombo chake kitaingia leo. Kalenda mbili nilizotaja mwanzoni ziko hapo mahali pamoja. Ukiwa bado hapo, tazama lango la magharibi la kanisa: kuna alama zilizochongwa ukutani kuonyesha maji yalifika wapi kila mwaka wa mafuriko makubwa.

Mwezi Februari, kuanzia siku ya Valentine, Uwanja wa Jumanne hugeuka kuwa uwanja wa mabembea na michezo. Maonyesho hayo huitwa The Mart, na hufungua msimu wa maonyesho ya aina hiyo nchini.

Masoko mengine ni siku gani?

Fakenham ni Alhamisi. North Walsham pia ni Alhamisi. Sheringham ni Jumamosi. Southwold ni Jumatatu na Alhamisi, soko dogo mno ila liko katikati ya mji na watu wa mji wenyewe ndio wanunuzi. Norwich hawana siku ya soko kwa maana soko lao hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, chini ya paa za mistari ya rangi mbele ya jengo la halmashauri, na limekuwepo mahali hapo tangu enzi za Wanormani, yaani karne ya 11. Siku huweza kubadilika kwa sikukuu, kwa hiyo thibitisha kwenye tovuti ya halmashauri ya mji kabla ya kupanda basi.

Fika asubuhi. Saa 8 mchana wengi huwa wameshaanza kukunja turubai.

Sokoni watu hupatana bei?

La. Bei iliyoandikwa ndiyo inayolipwa, na ukianza kupunguziana kwenye nyanya utamwona mwuzaji ameduwaa. Matunda na mboga mara nyingi hupangwa kwenye bakuli, kila bakuli na bei yake, sawa na mafungu ya nyanya kwetu. Saa za mwisho wauzaji hushusha bei wenyewe kwa sauti, na hapo ndipo pa kununua stroberi.

Mahali pa kupatana ni kwenye vitu vikuukuu: meza za vyombo vya kale, na yale masoko ya Jumapili viwanjani ambapo watu huuza vitu kutoka kwenye buti za magari yao. Hapo uliza kwa upole, "Utaniachia kwa ngapi?" na hakuna atakayekasirika.

Usiyapite maduka ya hisani, yanayouza nguo na vitabu vilivyotolewa bure ili kuchangia hospitali au waokoaji wa baharini. Kila mji unayo. Sehemu ya nguo zisizouzika humo ndizo husafirishwa na kuishia kwenye mitumba ya Gikomba na Karume, kwa hiyo hapa unachagua kabla ya wengine wote.

Beba sarafu kidogo. Vibanda vingi hupokea kadi, vichache havipokei.

Nimekulia pwani. Kupwa na kujaa kwa maji huku kuna tofauti gani?

Mwezi ni uleule. Maji hujaa mara mbili kwa siku na kupwa mara mbili, saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, na bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ukijua hayo, unajua zaidi ya wageni wengi wa London wanaokuja huku.

Tofauti ni umbo la nchi. Zanzibar maji ya bamvua hupanda na kushuka kama mita 4. Katika ghuba ya The Wash, pembeni ya King's Lynn, hufikia mita 6 na zaidi. Juu ya hapo, pwani ya kaskazini ya Norfolk ni bapa, haina miamba ya matumbawe ya kuvunja mawimbi. Ni mafungu ya mchanga, matope na mahori yanayopindapinda ndani ya nyasi za maji chumvi. Pale Wells-next-the-Sea, mji wenye jina la kuwa kando ya bahari, bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita moja kutoka gatini, na maji yakipwa unaweza kutembea mchangani hadi uone uvivu kurudi.

Hatari ni kwamba maji hayaji kutoka mbele. Hujaza kwanza mahori yaliyo nyuma yako, wewe ukiwa juu ya fungu unatazama sili. Ndiyo maana Wells wana king'ora ufukweni. Kikilia, rudi upande wa nchi kavu papo hapo, usisubiri kuona maji. Mwongoze na jirani yako asiyejua.

Wenye magari: maegesho ya gatini Blakeney na barabara ya ufukwe wa Brancaster hufunikwa na maji wakati wa bamvua kubwa. Majedwali ya maji huuzwa madukani na hubandikwa kwenye vituo vya mashua za uokoaji. Mengine yameandikwa kwa saa za GMT, na kiangazi unaongeza saa moja.

Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 tufani kutoka kaskazini ilikutana na bamvua. Watu 307 walikufa England peke yake kwenye pwani hii ya mashariki, wengi wakiwa usingizini. Wazee wa huku bado wanausimulia usiku huo, na kuta za udongo na saruji utakazotembea juu yake nyingi zilijengwa au kuinuliwa baada yake.

Naweza kuogelea?

Unaweza, lakini maji ni baridi. Agosti, wakati wa joto kabisa, bahari huwa nyuzi 16 hadi 18. Ingia taratibu, acha pumzi itulie, usiruke.

Ogelea kati ya bendera mbili zenye rangi nyekundu na njano pamoja, ndipo waokoaji wanapoangalia. Bendera nyekundu tupu maana yake usiingie kabisa. Ukizidiwa, lala chali, tandaza mikono, elea hadi pumzi irudi, kisha ita. Ukimwona mwingine amezidiwa piga 999 na useme unataka walinzi wa pwani. Maboya ya kupulizia ya watoto yaache nyumbani, kwa sababu upepo wa kutoka nchi kavu huyapeleka mbali haraka kuliko mzazi anavyoweza kuogelea.

Tule nini? Na sisi Waislamu?

Samaki na chipsi, bila shaka. Samaki hupakwa rojo la unga na kukaangwa, huliwa na chumvi na siki. Kula ukiwa umeegemea ukuta, maana shakwe wa huku hunyakua chakula mkononi.

Mwislamu aulize maswali mawili kabla ya kuagiza. Je, mafuta ni ya mimea au ni ya ng'ombe? Maduka kadhaa ya pwani ya mashariki hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe na hujivunia hilo. Je, rojo lina bia? Wauzaji huulizwa maswali haya kila siku na hujibu wazi.

Kaa wa Cromer ndiye fahari ya Norfolk. Ni mdogo kuliko kaa wetu wa mikoko, nyama yake ni tamu na nzito, na humuuza akiwa tayari ameshachambuliwa na kurudishwa ndani ya gamba lake, nyama nyeupe upande mmoja na ya kahawia upande wa pili. Msimu wake ni kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli. Wanaofuata rai ya kwamba kaa haliwi watafute kome wa Brancaster wakati wa baridi, au heringi waliokaushwa kwa moshi, ambao ndio waliolisha pwani hii kwa karne nyingi. Juni hadi Agosti utaona pia mmea wa kijani unaoitwa samphire, unaochumwa kwenye matope ya maji chumvi. Chemsha dakika chache, tia siagi. Usitie chumvi.

Cromer, Sheringham na Great Yarmouth: nichague upi?

Cromer, kama ni mmoja. Gati lake la burudani lilifunguliwa mwaka 1901 na lina ukumbi wa maonyesho mwishoni kabisa, juu ya maji, na nyuma ya ukumbi kuna kituo cha mashua ya uokoaji. Henry Blogg, nahodha wa mashua hiyo kwa miaka mingi, alistaafu mwaka 1947 akiwa yeye na wenzake wamewaokoa watu 873. Hakuna mwokoaji wa baharini Uingereza aliyepewa nishani nyingi kuliko yeye. Makumbusho yake iko chini ya genge, karibu na gati. Shirika lenyewe la uokoaji, RNLI, lilianzishwa mwaka 1824, na wengi wa waendao baharini ni watu wa kujitolea: fundi bomba, mwalimu, mwuza samaki. Ukiona kisanduku chake cha michango, tia kitu.

Sheringham ni mwendo mfupi kwa treni kutoka Cromer, na hapo kuna reli ya zamani ya mvuke inayokwenda Holt. Watoto huipenda sana.

Great Yarmouth ni mji wa kelele, taa na michezo, wenye ufukwe mpana na sarakasi ya Hippodrome ya mwaka 1903 ambayo uwanja wake hugeuka kuwa bwawa. Una umaskini unaoonekana, na baadhi ya Waingereza huudharau. Mimi siwaungi mkono. Mwaka 1913 zaidi ya mashua 1,000 zilivua heringi kutoka hapa, na makumbusho ya Time and Tide, ndani ya kiwanda cha zamani cha kukaushia heringi, bado ina harufu ya moshi kwenye kuta zake. Nenda hapo kwanza, kisha kale chipsi sokoni.

Ni kweli kuna mji uliomezwa na bahari?

Kweli kabisa. Unaitwa Dunwich, upo Suffolk, na ukifika leo utakuta nyumba chache, mkahawa, makumbusho ndogo, magofu ya watawa wa Kifransisko na ufukwe wa kokoto.

Zama za kati ulikuwa bandari kubwa yenye makanisa kadhaa. Hata wakati wa sensa ya ardhi ya mwaka 1086, tayari iliandikwa kwamba sehemu ya mashamba yake imechukuliwa na bahari. Halafu zikaja tufani za mwaka 1286 na 1328. Zilibomoa mitaa na, baya zaidi, zikaziba mlango wa bandari kwa kokoto. Mji wa bandari usio na bandari haujengwi tena. Watu wakahama, bahari ikaendelea na kazi yake, kanisa moja baada ya jingine. La mwisho, la Watakatifu Wote, lilianguka kipande kwa kipande kati ya mwaka 1904 na 1919.

Hata hivyo Dunwich uliendelea kupeleka wabunge wawili London hadi mageuzi ya mwaka 1832, ukiwa umebaki na wapiga kura wachache tu.

Nenda asubuhi, siku ya kawaida. Anzia makumbusho, ambako wana mfano wa mji ulivyokuwa, kisha panda juu ya genge ulinganishe na unachokiona. Wenyeji husimulia kwamba usiku wa tufani kengele za makanisa husikika chini ya maji.

Na hizo nyayo za Happisburgh?

Kwanza, tamka "Heizbra", la sivyo dereva wa basi hatakuelewa. Mwezi Mei 2013, mawimbi yalipofua mchanga chini ya genge la kijiji hicho, zilionekana nyayo za watu wazima na watoto katika tope lililoganda, zenye umri wa zaidi ya miaka 800,000. Ndizo nyayo za kale zaidi za jamii ya binadamu kuwahi kupatikana nje ya Afrika. Za Laetoli kwetu Tanzania ni za zamani zaidi kwa mbali, takriban miaka milioni 3.6, lakini hizi zinaonyesha walikofika wazao wa bara letu.

Huwezi kuziona. Bahari ilizifuta ndani ya majuma mawili, wanasayansi wakiwa wameshapiga picha na vipimo. Nyumba za kijiji nazo zinaporomoka moja moja. Kuna mnara wa taa wa mwaka 1790, wa mistari myekundu na myeupe. Usisogelee ukingo wa genge, wala usikae chini yake kula chakula.

Southwold au Aldeburgh?

Yote miwili ni ghali, safi na yenye wenye nyumba za pili wengi kutoka London. Southwold una mnara wa taa uliosimama katikati ya nyumba za watu, gati, na vibanda vya mbao vya rangi ufukweni. Mwende na watoto.

Aldeburgh ninauona mzito zaidi. Jengo lake la baraza la karne ya 16 lilikuwa katikati ya mji, leo liko karibu kabisa na ufukwe, ujionee bahari imesogea kiasi gani. Mwaka 1908 Elizabeth Garrett Anderson, daktari, alichaguliwa hapa kuwa meya wa kwanza mwanamke England. Tamasha la muziki lililoanzishwa na mtunzi Benjamin Britten na wenzake mwaka 1948 hufanyika kila Juni, na majuma hayo hakuna chumba. Ufukweni kuna sanamu kubwa ya chuma ya gamba la kombe, kazi ya Maggi Hambling ya mwaka 2003. Watoto huipanda.

Sili wanaonekana wapi?

Mashua hutoka Morston kwenda Blakeney Point karibu mwaka mzima, saa zake zikifuata maji. Sili wa kijivu huzaa kati ya Novemba na Januari. Ukiwaona ufukweni kwa miguu, kaa mbali, usimguse mtoto hata kama yuko peke yake.

Mtu mweusi, au mwanamke wa hijabu, atapokewaje?

Nitasema ninavyojua. Miji hii ina Waingereza weupe kwa wingi mkubwa, na katika vijiji huenda ukawa wewe peke yako mweusi siku hiyo. Utatazamwa, hasa na wazee. Mara nyingi kutazamwa huko huishia kwenye "habari za asubuhi" na swali la umetoka wapi. Lynn na Yarmouth zimezoea wageni, kwa sababu Wareno, Wapoland na Walithuania wengi wamehamia huko kufanya kazi mashambani na viwandani. Anayekutukana au kukutisha amevunja sheria, na polisi wana wajibu wa kupokea taarifa yako. Usimvumilie kwa kuwa wewe ni mgeni.

Swala tutaswalia wapi?

Norwich kuna misikiti. Miji midogo ya pwani usitegemee, beba mkeka. Mwezi wa Juni isha huingia usiku sana na alfajiri huja mapema, kwa hiyo fuata ratiba ya msikiti wa Norwich.

Tulale wapi?

Wasio na gari walale Cromer au Norwich na kutoka kila siku kwa treni au basi. Familia kubwa itapata nafuu kwenye karavani za kukodi, hasa nje ya likizo za shule. Nyumba za wageni zenye kifungua kinywa ndizo zenye mazungumzo mazuri, ila mwishoni mwa wiki wengi hudai ulale angalau usiku mbili. Waambie mapema kama huli nguruwe. Watakuandalia mayai, uyoga na maharage.

Naruhusiwa kuokota mawe na vitu vya ufukweni?

Kokoto za ufukwe ni marufuku kuchukua, sheria ya kulinda pwani inakataza, kwa kuwa zenyewe ndizo ngao ya nchi kavu. Visukuku vilivyolala mchangani watu huokota, ila kuchimba genge ni hatari na huharibu. Ukikutana na mfupa mkubwa au kitu usichokielewa, piga picha, weka alama mahali ulipo, kisha peleka taarifa kwenye makumbusho ya Cromer au Norwich. Mwaka 1990 watu wawili waliokuwa wakitembea West Runton baada ya tufani waliona mfupa umechomoza gengeni, wakatoa taarifa. Ulikuwa wa mamothi, mnyama wa kale wa jamii ya tembo, na mabaki yake yaliyochimbuliwa yamekuwa miongoni mwa mifupa kamili zaidi ya aina yake duniani.